Tangi la Njia ya Pangani: shajara ya katibu, Februari hadi Mei

Jumatano, 5 Februari

Mkutano umefanyika kwenye duka la vipuri la mwenzetu, Ngamiani, katikati ya mikanda ya feni na makopo ya grisi. Tumehudhuria 14 kati ya 22.

Kwa asiyetujua: sisi si Rotary wala Lions, zile klabu kubwa za kimataifa za kujitolea. Ni klabu ya watu wa kawaida wa Tanga: walimu, nesi, wakala wa forodha, fundi cherehani, mstaafu wa reli, wenye maduka wawili watatu. Lakini taratibu zetu tumeziiga za Rotary bila haya. Tunakutana kila Jumatano saa kumi na moja jioni, mwaka wetu unaanza tarehe 1 Julai, tuna sajenti anayetutoza faini ndogo ndogo na kuzitia kwenye ndoo, na mkutano unahama, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Paul Harris na wenzake watatu walipokutana mara ya kwanza Chicago, tarehe 23 Februari 1905, waliendelea hivyo hivyo, wakizungukia ofisi ya kila mmoja kwa zamu, na jina la Rotary likatoka kwenye mzunguko huo. Siku hizi klabu zao nyingi hukutana hotelini. Sisi bado tunazunguka. Ukishakalia kreti dukani kwa mwenzako ukaona wateja wanavyomkopa, huwezi tena kumtoza mchango kwa kubahatisha.

Ajenda kubwa: maji ya shule moja ya msingi njia ya Pangani, kabla hujafika Tongoni. Wa mjini tukifungua koki tunapata maji ya Mto Zigi kutoka bwawa la Mabayani. Pale shuleni kuna kisima kimoja, na maji yake ni ya chumvi, bahari iko karibu mno. Yanafaa chooni na kudekia. Ya kunywa kila mtoto anakuja nayo kwenye kidumu kutoka nyumbani, na asiyekuja nayo anaomba.

Mwenyekiti amependekeza tangi la lita 10,000 la kuvuna maji ya mvua, likamilike kabla masika haijaingia. Makofi. Ndipo mweka hazina, dada asiyependa makofi, akauliza: "Lile la kwanza linaendeleaje?"

Hakuna aliyejua. Sajenti akataka kumtoza faini kwa kuharibu furaha, kisha akaghairi.

Jumamosi, 8 Februari

Tumekwenda wanne kuliangalia tangi la kwanza, tulilolitoa miaka mitatu iliyopita katika shule nyingine ambayo siitaji hapa, kwani kosa halikuwa lao.

Tangi lipo. Limesimama pale pale, na nembo yetu ya rangi ya bluu inang'aa kama imepakwa jana. Ndiyo kitu pekee kilichokuwa bado kinafanya kazi. Koki haipo. Tundu lake limezibwa kwa kipande cha mti kilichoviringishiwa mfuko wa nailoni. Gata ya upande mmoja imening'inia kwa kishikizo kimoja, ndani yake umeota mche wa mpapai wenye afya nzuri kabisa. Kivulini wamelala mbuzi wawili, na hawakuinuka tulipofika.

Mwalimu mkuu ni mgeni, amehamia mwaka jana. Aliyepokea tangi alihamishwa, na ufunguo wa kufuli ya koki ukaondoka naye mkobani bila yeye kukumbuka. Siku moja ya joto kufuli ikavunjwa, na koki ikavunjika nayo. Tukauliza kwa nini hawakutupigia simu. Mwalimu akatutazama, akalitazama tangi. Nembo ina upana wa mita nzima, lakini namba ya simu hatukuandika.

Koki mpya dukani ni shilingi 12,000. Picha za siku ile ya kukata utepe tunazo 46 kwenye kundi la WhatsApp. Nimezihesabu usiku huu.

Jumatano, 12 Februari

Kwa fundi cherehani, Barabara ya 9. Nimesoma ripoti ya Jumamosi. Sajenti amemtoza kila mtu 2,000, yeye mwenyewe akaanza.

Mstaafu wa reli hazungumzi sana, lakini leo amezungumza. Zamani, anasema, kila kipande cha njia kilikuwa na genge lake, na genge lilipita kukaza na kugonga hata siku ambazo treni haipiti. Kisha akauliza genge la tangi ni nani. Tumebishana hadi magharibi. Maamuzi: lile la zamani litengenezwe kwanza kwa fedha ya ndoo, jipya lisinunuliwe mpaka tujue nani atashika ufunguo, nani atashika wa akiba, na nani atapanda kusafisha gata, nembo isizidi ukubwa wa sahani, na namba ya simu isomeke kutoka barabarani.

Mwenyekiti aliuliza kama utepe unaruhusiwa. Suala limeahirishwa.

Jumanne, 18 Februari

Barua. Kujenga kitu kwenye uwanja wa shule si suala la kufika na saruji. Kamati ya shule imekubali, mtendaji wa kata amekubali, imebaki ofisi moja ambako nimeambiwa mhusika yuko semina. Tanga ndiyo ile ya waja leo waondoka leo. Barua yetu imekwenda leo, na leo haijaondoka.

Jumamosi, 22 Februari

Siku nzuri kuliko zote mpaka sasa. Tumepima paa.

Mpango wetu ulikuwa kufunga gata upande wa uwanjani, penye mlingoti wa bendera. Panapendeza. Mlinzi wa shule, mzee aliyevua samaki miaka mingi kabla magoti hayajamkataza, alikuwa akitutazama tu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mnapima nini?"

Nikamweleza. Akacheka kwa pua. "Masika ya hapa haishuki, inakuja. Inakuja na kusi. Ikipiga, bati la upande wa bahari linalia, la huku uwanjani linanyeshewa mabaki. Nyie mnatega mabaki."

Tumezunguka nyuma. Ukuta wa upande wa bahari umeliwa rangi hadi dirishani, wa uwanjani bado una chokaa yake. Ushahidi ulikuwa pale siku zote. Gata zitafungwa nyuma, penye nyasi na nyavu mbovu za goli, ambako hakuna atakayepiga picha.

Hesabu ni nyepesi na ningependa kila mwanachama aijue. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la upande ule lina urefu wa mita 20 na upana wa 5, yaani mita za mraba 100. Mvua ya milimita 10, ambayo masika ni kitu cha asubuhi moja, inatoa lita 1,000. Toa humusi moja kwa zinazoruka na kuvuja, zinabaki 800. Mvua kumi na tatu za namna hiyo, tangi limejaa.

Mbaya ni hesabu ya upande wa pili. Watoto ni 400 na kidogo. Kila mmoja akinywa nusu lita kwa siku, lita 10,000 ni siku 50 za masomo. Akinawa nayo, akadekia nayo, na mwalimu akaosha pikipiki, ni wiki mbili. Tumekubaliana na kamati: ya tangi ni ya kunywa tu. Kwingine kisima kiendelee.

Jumatano, 26 Februari

Bajeti: 3,869,000. Tangi peke yake 2,300,000, mengine ni gata, mabomba ya inchi nne, saruji, kokoto, fundi, usafiri na koki nne, mbili za kufunga na mbili za akiba. Tunazo 3,150,000, pamoja na 212,500 za ndoo ya faini tangu Julai (nusu yake ni za wakala wa forodha, simu yake haijui adabu). Pengo 719,000.

Mwenzetu mmoja alipendekeza wazazi wachangie. Mwalimu aliye kati yetu akainua mkono haraka. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, neno mchango shuleni linashikwa kwa koleo. La hiari linapita kwenye mkutano wa mtaa, la lazima halipiti. Tutakwenda mkutano wa mtaa.

Barua imetoka. Mhusika alirudi kutoka semina.

Jumapili, 2 Machi

Mkutano wa mtaa, chini ya mwembe. Hatukuomba fedha. Wazazi wamejitolea mawe ya msingi, mchanga, na vijana wa kuchimba. Mama mmoja amesimama akasema tangi la zamani la shule ile nyingine yeye analijua, binamu yake anasoma kule. "Na hili nalo litafugiwa mbuzi?" Watu wakacheka. Nikajibu kwa kusoma maazimio ya tarehe 12. Hakuonekana kuridhika, lakini amekubali kuingia kwenye kamati ya tangi. Ndiye niliyemtaka.

Jumatano, 5 Machi

Mfungo umeanza. Mikutano imehamia kwenye futari, na mahudhurio yamepanda kutoka 14 hadi 20, sitaki kusema kwa nini. Leo kwa nesi: uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, kaimati. Wakristo wetu saba walifika mapema kuliko waliofunga.

Nesi ametukumbusha jambo ambalo si la tangi. Mwezi huu wachangiaji damu hupungua, kwani wengi hawawezi kutoa mchana wakiwa na saumu, na wagonjwa hawapungui. Tumeandikisha majina kumi kwenda hospitali ya Bombo, waliofunga wakienda baada ya futari iwapo kituo kitakubali muda huo, wengine mchana. Masharti ameyarudia: miaka 18 na kuendelea, kilo 50 na kuendelea, mwanamume asitoe kabla ya miezi mitatu kupita tangu mara ya mwisho, mwanamke minne. Mwenyekiti ana kilo 49. Amesema atapimwa akiwa na viatu. Nesi hakucheka.

Jumamosi, 15 Machi

Msingi. Tangi la lita 10,000 likijaa lina tani kumi, uzito wa lori dogo lililoshehena, na tani kumi haziwekwi juu ya mchanga wa pwani. Duara la mita tatu, mawe chini, nondo, zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto), juu sentimita 60 ili ndoo iingie chini ya koki.

Fundi alifika baada ya swala ya alfajiri ili amalize kabla jua halijawa kali, na yeye amefunga. Akaangalia kisima, akaonja tone kwa ncha ya ulimi, akalitema upesi. "Haya siyatii kwenye zege lenye nondo. Chumvi itazila." Hakuna aliyelifikiria hilo. Basi ili kujenga tangi la maji, tumenunua maji: madumu 20, yakaletwa na toyo kutoka mjini, nayo mawili yakamwagika njiani. Dereva wa toyo alituuliza mara mbili tunajenga nini.

Vijana wa mtaa walikuja kumi na mmoja, nilitegemea watano. Zege litamwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Mzee mlinzi amejitwika kazi hiyo na hataki msaidizi.

Jumatano, 19 Machi

Pengo limezibwa. Mnada wa nguo za mitumba tulizotoa majumbani umeingiza 394,000, mawe na mchanga wa wazazi umetuokolea 110,000, na bahasha ya 215,000 imekutwa mezani. Wote tunamtazama mstaafu wa reli. Yeye anatazama dari.

Damu: kati ya kumi wametoa saba. Mwenyekiti amerudishwa.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya gata, na siku ya kuumwa kichwa.

Fundi msaidizi alizifunga asubuhi kwa kukadiria kwa jicho. Zilionekana zimenyooka, na hapo ndipo palipo kosa, kwa sababu gata haitakiwi kunyooka. Tulimwaga ndoo moja juu ya bati kujaribu. Maji yakateremka, yakaingia kwenye gata, yakafika katikati na kusimama. Yakafikiri. Kisha yakarudi yalikotoka, yakamwagikia kwenye viatu vya wakala wa forodha.

Fundi mkubwa hakugombana na mtu. Alichukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akaujaza maji hadi povu lote likatoka, akamwambia kijana ashike ncha moja kwenye kona ya kwanza ya paa, yeye akaenda na nyingine kwenye kona ya mwisho. Maji ndani ya mpira hayadanganyi: yakitulia, ncha mbili ziko usawa mmoja, hata kama kuna ukuta katikati. Akapiga alama ya penseli. Kutoka kwenye alama hiyo akashuka sentimita 20 upande wa tangi, sentimita moja kwa kila mita. Akafunga uzi wa manila kutoka kona hadi kona, na vishikizo vyote 22 vikang'olewa na kufuata uzi. Zimekwenda saa nne. Ndoo ya pili ilipomwagwa, maji yalikimbia moja kwa moja hadi mwisho kwa mlio wa kuteleza ambao nimeusikia hadi usingizini.

Bomba la maji machafu ya mwanzo nalo limesimamishwa. Ni kipande cha inchi nne chenye urefu wa mita tatu, kinameza karibu lita 24 za mwanzo wa mvua kabla maji hayajageuza njia kuingia kwenye tangi. Chini kina kizibo cha kufungua mvua ikikatika. Walioliona kuwa la anasa wataliona masika.

Jumatano, 26 Machi

Futari kwa mwenye duka la vipuri. Hakuna la kuandika, tumekula.

Jumatano, 2 Aprili

Idi imepita, masika imebisha hodi usiku wa kuamkia leo. Nimepanda bodaboda saa moja asubuhi, sikusubiri mtu.

Mzee mlinzi alikuwa amesimama chini ya bomba la mwanzo kama askari wa zamu. Akafungua kizibo. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyochacha: majani ya mwembe, vumbi la kaskazi nzima, na kinyesi cha kunguru, hawa kunguru wa Kihindi walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 na kutuhamia sote pwani. Ndoo nzima na zaidi. Kisha tukapanda kuchungulia ndani ya tangi. Maji yalikuwa yamefika kwenye kifundo cha mguu, na chini yake nikaona alama ya kiwandani iliyochongwa kwenye plastiki, herufi kwa herufi.

Nimempigia mweka hazina nimwambie. Aliuliza tu kama ufunguo uko mikono miwili.

Jumamosi, 12 Aprili

Makabidhiano. Yamechukua dakika 35, ambayo kwa Tanga ni rekodi.

Ufunguo mmoja kwa mwalimu wa afya, wa pili kwa yule mama wa kwenye mwembe, na majina yao yameandikwa ndani ya mlango wa stoo ya shule chini ya tarehe. Atakayehama atafuta jina lake na kuandika la anayempokea. Wanafunzi wa darasa la sita wamefundishwa kutia dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye chupa, na kufungua kizibo kila mvua ikikatika. Koki mbili za akiba ziko kwenye bati la biskuti juu ya kabati, pamoja na spana na utepe mweupe wa kufungia nyuzi za bomba. Fundi wa mtaa, mzazi wa watoto watatu hapo shuleni, ndiye genge letu. Atapanda mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, na ndoo ya faini itamlipa.

Mwenyekiti alikuwa na utepe mfukoni. Nilijua atakuwa nao. Hakuna aliyemkataza, ila hapakuwa na pa kuufunga, nyuma kule ni nyasi na nyavu za goli. Mwishowe fundi aliuomba: wavu wa kuzuia mbu kwenye bomba la kumwaga maji ya ziada ulikuwa umelegea, na waya ulikuwa umekwisha. Kwa hiyo wavu umefungwa kwa utepe mwekundu wa hariri, fundo mbili, mpaka waya upatikane.

Picha zilizopigwa: nne.

Jumatano, 30 Aprili

Tangi limejaa tangu juzi na linamwaga ya ziada. Shule ya tangi la zamani nayo imefungiwa koki na gata mpya. Mche wa mpapai umehamishiwa uani. Mbuzi wamehama wenyewe.

Jumatano, 21 Mei

Mkutano kwangu. Faini 6,500. Katikati ya mkutano simu yangu imelia, nikatozwa 500 kabla sijapokea. Alikuwa mwalimu wa afya. Koki moja ilianza kudondosha Jumatatu. Darasa la sita wakakata raba kwenye ndala iliyokatika, wakaikata duara, wakaitia ndani, ikashika siku moja. Leo fundi amebadilisha koki. Alitaka kujua kama ile iliyoharibika arudishe au atupe.

Nimemwambia airudishe tutazame kilichoharibika. Koki za akiba: imebaki moja. Waya wa wavu: bado, utepe unashikilia. Salio la mradi: 41,500.